Kasoki na Mfuko wa Udi

Mimi ni fundi wa kushona, jina langu Solange, na cherehani yangu iko Mubi, mji mdogo wa machimbo mbali na Goma, ukuta mmoja na duka la Kasoki. Ukuta wenyewe ni wa mbao, kwa hiyo yanayosemwa upande wake yananifikia upande wangu, nitake nisitake. Watu husema nina masikio marefu. Waje wao wakae hapa miaka ishirini na mitano, kisha waniambie wangeyaziba na nini.

Kasoki ni mwanamke wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye mwendo wa haraka, Munande wa upande wa Butembo, Mkatoliki wa kufika kanisani kabla ya kengele. Anauza sabuni, chumvi, betri, kandambili, na kwenye rafu ya juu, nyuma ya kioo, manukato. Rafu hiyo ndiyo iliyomjengea jina. Kutoka Mubi mpaka Buleusa, mtu akinunua chupa Goma au akiletewa kutoka Kampala, hajui kama amepata au ameliwa mpaka Kasoki ainuse.

Pua hiyo aliipata utotoni. Baba yake alilima vanila, na vanila haivunwi leo ikanukia leo. Inachovywa kwenye maji ya moto, inafunikwa mablanketi itoe jasho, inaanikwa, inafunikwa tena, wiki baada ya wiki. Kasoki alipokuwa na miaka minane, kazi yake ilikuwa kuingiza uso chini ya blanketi kila asubuhi na kusema ni zipi zimeanza kuoza. Akikosea anachapwa. Ndiyo maana hata leo ukimletea chupa iliyoandikwa vanila, anaishika kama polisi anayeshika kitambulisho.

Kazi yake ina utaratibu, na mimi nimo ndani ya utaratibu huo. Huniomba vipande vya pamba nyeupe, masalio ya mashati ya shule. Anadondosha tone moja, anabana kipande kwenye kamba ya mlangoni kwa kibanio cha nguo, halafu ananusa mara tatu: papo hapo, mchana, na kesho yake asubuhi. Mteja akimharakisha, jibu ni moja: "Leo bado ni alkoli tu. Urudi kesho." Kesho yake analishika boksi, anasoma vilivyoandikwa humo kimoja kimoja, na kwa kila kimoja anasema kipo ama hakipo. Asichokijua anasema hakijui. Hilo ndilo lililofanya watu wamwamini.

Mwaka juzi mchimbaji mmoja, Élysée, alileta chupa ya rangi ya dhahabu ya kumpa mchumba wake. Boksi lilitaja ndimu, jasmini na vanila. Kasoki alinusa siku ya pili na kumwambia, "Ndimu iko. Jasmini siijue, kwetu haiotake. Vanille haiko, hii ni bombo ya sukari, ya batoto. Lakini umupatie bibi-arusi, sababu inanukia muzuri. Haiko tu vile banaandika." Élysée aliondoka amenuna. Harusi ilifanyika, na bibi-arusi huyo sasa ndiye anayenunua sabuni nyingi kuliko wote kwa Kasoki.

Penye udi, Kasoki hakuwa na mzaha. "Zafarani sijue, ambari sijue," alizoea kusema, "lakini udi, hapana. Kwa udi hakuna muntu wa kunidanganya." Kisha anaingia chumba cha nyuma, anafungua sanduku lake la bati, anatoka na kimfuko cha mahameli ya kijani. Kimetariziwa kwa uzi wa dhahabu maandishi ya Kiarabu. Ndani mna kipande cha mti mweusi, urefu wa kidole, kinachonukia kanisa na ndimu kwa pamoja. Mume wake, Kataliko, alimletea kutoka Dubai miaka ishirini na miwili iliyopita.

Kila chupa iliyojiita udi ilipimwa kwa mti huo. Na kwa miaka yote hiyo, hakuna hata moja iliyopita. Chupa za wafanyabiashara, chupa za wasimamizi wa machimbo, hata moja iliyokuja ndani ya boksi la mbao lenye kufuli, zote zilianguka. Watu walishangaa jinsi dunia ilivyojaa wezi. Mimi sikushangaa, ila nilikuwa na sababu ya kunyamaza.

Kataliko alikuwa dereva wa lori, mtu mrefu mwenye aibu, ambaye akiingia dukani kwangu anainama hata pale paa lilipo juu. Alimpenda mke wake waziwazi, jambo ambalo wanaume wa barabara hii hulifanya kwa kificho kama wanaovuta bangi. Akirudi safari, kabla ya kushusha mzigo, alikwenda kwanza kusimama mbele ya Kasoki ili anuswe. Kasoki angemsogelea shingoni na kutangaza: mazutu ya kuendeshea lori, moshi, samaki wa Bweremana, potopoto, yale matope ya Walikale. Hakukosea njia aliyopita hata siku moja. Tulicheka sana siku hizo.

Alifariki mwaka jana, moyo, siku nne tu kitandani. Binti yao wa pekee, Aimée, anafanya kazi katika duka la dawa Goma, na wiki hiyo barabara zote zilikuwa zimefungwa kwa vita. Hakufika kumzika baba yake. Aliyezikwa alizikwa, na mimi nilisimama kando ya kaburi nimeinua simu ili Aimée asikie nyimbo na udongo ukishuka. Mkono uliniuma, sikuthubutu kuubadilisha. Sauti yake ya kulia ndani ya simu ile bado ninayo kichwani.

Kasoki akavaa nyeusi mwaka mzima kama desturi yetu, na kwa mwaka mzima hakuna tone la manukato lililogusa ngozi yake. Mjane hanukii. Aliendelea kunusa chupa za wengine na kubana vitambaa kwenye kamba, huku yeye mwenyewe akioga kwa sabuni ya kipande isiyo na harufu. Siku ya kutoa matanga, baada ya misa, wanawake wa ukoo humvua mjane nguo nyeusi, humwogesha, humvika kitenge kipya, na binti yake humpaka manukato ya kwanza. Hapo ndipo anarudi kwa watu. Kitenge nilikishona mimi. Manukato, Aimée alituma ujumbe kwamba mtu yeyote asinunue, atakuja nayo.

Alifika Jumatano, siku tatu kabla. Boti kutoka Goma hadi Bweremana, kisha pikipiki tatu tofauti kwa siku nne, matope mpaka kwenye nyusi. Alikonda. Akamkumbatia mama yake mlangoni, na mimi nilizima cherehani ili nisiwasumbue.

Alhamisi asubuhi akayatoa manukato. Termosi ya chai, ndani yake soksi, ndani ya soksi soksi nyingine, na ndani kabisa chupa ndogo nyeusi pamoja na boksi lake lililokunjwa vizuri. Udi, zafarani, waridi, ambari. Na pembeni, ndani ya karatasi, kijipande cha mti wa udi wenyewe, kidogo kama njiti tatu za kiberiti. Aimée alikuwa amemwambia muuzaji kule Goma kwamba mama yake hataamini bila ushahidi, muuzaji akacheka, akampa. Tulikuwepo mimi na Emérita, dada wa Kataliko, ambaye ndiye angesimamia shughuli ya Jumamosi.

Kasoki alifurahi mpaka akakaa chini. Akaniomba kitambaa, akadondosha tone, akakibana kwenye kamba. Akanusa. Nikaona uso wake unabadilika.

"Waridi iko," akasema polepole. "Zafarani sijue. Ambari sijue." Akanusa tena. "Udi haiko."

"Mama, subiri kidogo," Aimée akasema.

"Hii inanuka mubaya sana. Inanuka zizi ya mbuzi." Akawasha kipande cha mkaa, akaweka juu yake kile kijipande cha mti, akainamia moshi na kurudi nyuma haraka. "Na huu pia. Ngozi na dawa ya hospitali. Mutoto yangu, banakuibia."

Akaenda kuleta kimfuko cha kijani. Akauweka mti wake puani mwa Aimée, kisha puani mwa Emérita, ambaye alitikisa kichwa kwa masikitiko. Na ili mambo yasibaki na shaka, Kasoki akaliweka boksi kando ya mfuko, akaonyesha maandishi kwa kidole.

"Muangalie hata kiarabu yao. Haifanane na ya huku kwa mufuko. Bo banaandikaka ya uongo."

Moyo wangu ulianguka mpaka kwenye kanyagio la cherehani. Aimée hakubisha. Aliirudisha chupa ndani ya soksi, soksi ndani ya soksi, akasema, "Aksanti mama, nilikosea," akatoka.

Hakwenda mbali. Alizunguka akaja kwangu, akakaa juu ya rundo la vitambaa, akalia kwa namna ya mtu aliyejikaza kwa mwaka mzima. Nilifunga mlango. Nilimshika mabega na kungoja.

"Mama Solange, Papa njo alinituma," akasema hatimaye. "Siku mbili mbele ya kufa, kwa telefone. Alisema: siku mama yako atavua nguo nyeusi, umupake udi ya kweli, sababu hajainusaka hata siku moja. Nikamuuliza, na ile ya Dubai? Akasema, usimuambie kitu, weye umupake tu." Akajifuta. "Sikumuzika. Hii njo kazi moja aliniachia, na nimeiharibu."

Basi. Nilijua hapo kwamba maji yamenifika shingoni, kwa sababu aliyejua kilichomo ndani ya mfuko ule, baada ya Kataliko kufa, ni mimi peke yangu.

Ilikuwa hivi. Kataliko kweli alikwenda Dubai, na wafanyabiashara wa Butembo, kuchagua vipuri vya malori. Kasoki aliomba kitu kimoja tu: udi. Alikuwa amesikia habari zake tangu msichana, kwa mke wa tajiri mmoja aliyepita kanisani na kuacha harufu ambayo hakuweza kuitaja, na hilo lilimuuma yeye aliyeweza kutaja kila kitu. Kataliko akaenda kwenye duka la udi. Alisimama mlangoni na viatu vyake vya barabara. Muuzaji akamtazama miguu, akamtazama uso, akamwonyesha mlango kwa kidole bila kusema kitu. Yule bwana mwenye aibu hakurudi tena, wala hakwenda kwenye duka lingine.

Akiwa njiani kurudi Mubi, lori likakwama kwenye potopoto msituni, siku tatu. Siku ya pili, akitafuta kuni, akaona mti mkubwa ulioanguka zamani, utomvu wake umekauka mweusi ndani ya ubao, ule utomvu ambao mapadri huuchoma wakikosa ubani wa kununua. Akakata kipande. Akakikausha juu ya injini. Na alipofika hapa, alikuja kwangu kwanza, usiniulize kwa nini mimi. "Dada Solange, unishonee kamufuko. Kafanane na ya Dubai." Alikuwa akitazama mlangoni kama mwizi. Nilimwonea huruma, nikakata mahameli ya kijani iliyobaki kwenye joho la kwaya. Nikatarizi na maandishi. Mimi ni Muhunde wa Masisi, nimesoma darasa la sita, Kiarabu nimekionea kwenye maboksi ya tende. Nilipindapinda uzi vile nilivyoona inapendeza, nikaweka nukta tatu juu.

Ndiyo maandishi hayo ambayo Kasoki ameyatumia kulihukumu boksi la binti yake.

Siku ile nilishona mikono miwili ya kulia kwenye shati moja. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Kataliko, aliyeniachia mzigo wake. Kasoki, ambaye kwa chupa ya kila mchimbaji husubiri kesho yake, lakini kwa chupa ya mtoto wake mwenyewe alihukumu papo hapo. Ama mimi, niliyekula yamini mbele ya Kataliko kwamba sitasema wakati yeye na mke wake wote wawili wako hai. Hilo la mwisho ndilo lililonifungua mdomo. Mmoja hakuwa hai tena. Niliogopa hata hivyo, nakiri. Kumwambia ni kumnyang'anya zawadi ya marehemu. Kutomwambia ni kumwacha Aimée arudi Goma na ile chupa ndani ya soksi, maisha yake yote.

Ijumaa asubuhi nilipiga moyo konde. Nilichukua kitambaa cha jana kutoka kwenye kamba, nikaingia kwake. Alikuwa anapanga sabuni.

"Kasoki, unuse hii."

"Nilinusa jana."

"Weye mwenyewe unasemaka kesho. Leo njo kesho."

Alinitazama vibaya, lakini ni mtu wa haki na utaratibu ulikuwa wake. Akakipeleka puani. Akafumba macho. Akakaa hivyo, na mimi nikahesabu pumzi zake. Zizi la mbuzi lilikuwa limeondoka. Mimi mwenyewe, nisiye na pua ya maana, nilikuwa nimeisikia asubuhi ile nilipokitoa kwenye kamba: kitu kitamu na kizito, kinachokuja taratibu, kama nyumba ya bibi yangu kule Masisi, maziwa, moshi na mbao za zamani. Lile zizi lilikuwa mlango tu wa kuingilia.

"Iko nini hii?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Solange, niliisikiaka hii. Mu kanisa, nikiwa musichana. Bibi ya ule tajiri."

Nilitia mkono kwenye kiuno cha kitenge changu, nikatoa kitambaa cha mahameli ya kijani, kilichokatwa kwa mkasi upande mmoja. Mafundi hatutupi masalio. Nilikiweka juu ya kaunta. Kasoki akakitazama, akaenda nyuma, akarudi na kimfuko, akaviweka pamoja. Rangi moja, nyuzi moja. Hata kasoro ya ufumaji, mstari mwembamba uliofifia, ilitoka kwenye kitambaa changu ikaendelea kwenye mfuko wake.

Nilimweleza yote. Viatu, kidole cha muuzaji, potopoto, injini, na kazi ambayo Kataliko alimwachia Aimée kwa simu. Niliongea nikitazama sabuni.

"Aliikata mu pori," akasema.

"Mu pori. Kule kamio ilikwama."

"Siku tatu."

"Siku tatu."

"Aliniambia ni douane ya ku mupaka njo ilimukawisha." Akacheka mara moja, kicheko kifupi. "Na maandiko?"

"Ni mimi."

"Inaandika nini?"

"Haiandike kitu, Kasoki."

Hapo ndipo alipowaka. "Miaka makumi mbili na mbili! Naonyesha batu! Nilionyesha hata ule Mwislamu wa ku Kindu, akaangalia, akasema ni muzuri sana! Chupa za batu ngapi nilikatala, Solange? Batu ngapi niliita bezi? Na jana mutoto yangu!" Aliushika mfuko kama anayetaka kuurusha, mkono ukabaki juu. Kisha akaushusha, akaubana kifuani, machozi yakatoka. "Alisimama kwa mulango," akasema. "Na bile biatu. Maskini yangu. Njo maana hakutakaka kurudia Dubai." Akanigeukia. "Utoke. Toka mu duka yangu."

Nikatoka. Siku nzima nilisikiliza ukuta, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitano upande wa pili haukusema kitu.

Jumamosi tulikwenda misani. Kasoki alikaa mbele, mimi nikakaa nyuma karibu na mlango kama mdeni. Baadaye tukakusanyika uani kwake, pembe moja imezungushiwa mikeka. Emérita na wanawake wengine walimwingiza, wakamvua nguo nyeusi kipande kwa kipande, wakamwogesha, wakamvika kitenge nilichoshona, cha manjano chenye majani. Kilimkaa vizuri, Mungu anisamehe kwa kukitazama. Akakalishwa kwenye kiti. Sasa ilikuwa zamu ya binti.

Aimée akaja na kopo la mafuta ya kawaida ya kupaka, aliyoyachukua kwenye rafu ya dukani. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hiyo nini?" Kasoki akauliza.

"Mafuta, mama."

"Udi yangu iko wapi?"

Aimée hakuelewa. Emérita akaingilia kati, akasema kwamba ile ilikuwa ya wezi, si alisema mwenyewe Alhamisi? Kasoki akainua mkono akamnyamazisha wifi yake. Akasimama, na mfupi alivyo, alionekana mrefu.

"Munisikilize. Juzi, siku ya ine, nilisema mu hii chupa udi haiko. Nilikosea. Udi iko mule, ya kweli, vile banaandika. Mimi njo sikukuwa naijua. Nimeanza kuijua jana." Akameza mate. "Na bale bote nilikatalia bitu byao, nitabaomba musamaha, mumoja mumoja. Mutoto yangu nitamuomba wa kwanza. Aimée, unisamehe. Papa yako alikutuma kazi, nawe umepita mu vita na mu potopoto, umeifikisha. Hata kama ungekuwa hapa siku ya kumuzika, haungemufanyia kitu kikubwa kupita hii."

Mtoto alipiga magoti. Mtu akakimbia kuleta termosi. Aimée akafungua soksi ya kwanza, soksi ya pili, akampaka mama yake tone moja kila upande wa shingo na moja kila kiganja. Kasoki akainusa mikono yake. Tulimngoja aseme kitu kuhusu waridi au zafarani. Badala yake alikuwa analia na kucheka. Mwaka mmoja ulikuwa umekwisha, na alikuwa amerudi kwetu.

Wali ulipoanza kugawanywa, aliniita. Nilikwenda na roho mkononi. Alikuwa amekifunga kimfuko cha kijani kwenye ncha ya kitenge kipya, akakifungua na kukiweka magotini.

"Kasoki," nikasema kabla hajaanza, maana kiherehere hakijawahi kuniacha, "unisamehe. Nilileta mukasi. Nitafumua ile maandiko ya uongo, halafu nitashona jina ya Kataliko, muzuri, na herufi kubwa."

Alikivuta kimfuko haraka, akakifunika kwa viganja vyote viwili.

"Usiguse," akasema. "Hiyo naisomaka."

Akasogea kwenye benchi, akapigapiga kwa mkono mahali pa kukaa kando yake, na akanipa sahani yangu.